Mhariri, kompyuta za Windows 10 zisitupwe, zipigwe Linux na atafutwe kijana wa kuzisimamia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji maana hili jambo nakutana nalo kazini kila siku na linaniuma. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliposimamisha apdeti za kawaida za Windows 10, mashule na maofisi huku kwetu yanaambiwa na wauza vifaa kwamba mashine zao zimeshakufa, wanunue mpya. Jamani hazijafa. Mi kazi yangu ni kusimamia seva na kompyuta za ofisi hapa Mwanza, hizo mashine zinazoitwa zimekufa nazishika kwa mikono yangu, nyingi ni Core i5 ya kizazi cha 4, cha 5, cha 6, RAM 8, ukiibadilishia diski tu ukaweka SSD inakimbia vizuri kabisa. Kilichotokea ni kwamba Windows 11 inataka chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0 na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu, sasa sisi tulio wengi tunatumia mitumba, zile laptopu zilizotumika kwenye maofisi ya Ulaya zikaletwa huku, kwahiyo mlango umefungwa kwetu. Ila kuna mlango mwingine, Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta unaowekwa mahali pa Windows.

Kuna wanaosema si unaweza kulipia uendelee kupata apdeti. Ndio unaweza. Kwa ofisi bei iliyotangazwa ni dola 61 kwa mashine moja mwaka wa kwanza, mwaka wa pili inazidishwa mara mbili, wa tatu mara mbili tena, baada ya hapo basi. Sasa chukua ofisi yenye kompyuta 20, mwaka wa kwanza dola 1,220, mwaka wa pili dola 2,440, mkuu wa ofisi hiyo hela anaitoa wapi wakati hata karatasi za printa anabana? Haiwezekani, na kila mtu anajua haiwezekani, ndo maana watu wanafanya kile ambacho wamekuwa wakifanya siku zote, wanapeleka mashine kwa fundi apige Windows ya kukraki, yaani isiyolipiwa, iliyovunjwa kufuli la leseni.

Na hapa ndo naomba wasomaji wanisikilize vizuri. Ile programu ya kukraki, mara nyingi kitu cha kwanza inachokwambia ni zima antivairasi. Yaani unaombwa umtoe mlinzi getini alafu umkaribishe mtu usiyemjua, na umpe ruhusa zote za mashine. Hiyo mashine baadae ndo inatunza matokeo ya wanafunzi, mishahara, majina ya wagonjwa. Fundi simlaumu, anatafuta riziki na mteja mwenyewe ndo kaomba, ila tujue tunachokifanya.

Nenda stationari yoyote karibu na chuo ukae pale nusu saa uangalie. Mwanafunzi anakuja na flashi, ana ripoti yake ya field, leo ndo mwisho wa kukabidhi. Flashi inachomekwa, inafunguka, ndani hamna ripoti, kuna shotikati moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Mtu anaibofya, mafaili yanatokea kama kawaida, anaprinti anaondoka, hajui kwamba ile shotikati kabla ya kumfungulia mafaili yake imeendesha skripti nyuma ya pazia, skripti imejikopi kwenye mashine ya stationari, na kila flashi itakayochomekwa pale siku hiyo inaondoka na mzigo. Flashi hiyohiyo ichomeke kwenye mashine yenye Linux uone. Vyote vinajianika: kuna folda ambalo halina jina linaloonekana, kuna ile shotikati, kuna faili la skripti. Ule ujanja wa kulificha folda ni alama ya Windows, Linux haiifuati, na skripti iliyoandikwa kwa ajili ya Windows huku haina pa kushika. Unaingia kwenye lile folda, ripoti ya kijana iko mle nzima kabisa, unaitoa, unafuta takataka zingine, unamrudishia flashi yake safi. Nshawafanyia hivi watu wengi mpaka kuna wenye stationari wameniomba niwawekee Linux kwenye mashine moja kwa ajili ya kupokelea flashi tu, zile zingine wakaacha na Windows zao. Huo nao ni mwanzo.

Sasa Linux yenyewe ni nini kwa asiyeijua. Mwaka 1991 kijana wa chuo kule Helsinki, Finland, anaitwa Linus Torvalds, alitangaza kwamba anaandika mfumo wake wa kompyuta, akasema ni kitu cha kujifurahisha tu hakitakuwa kikubwa. Leo kompyuta kubwa 500 zenye nguvu kuliko zote duniani zinaendesha Linux, zote, tangu orodha ya Novemba 2017. Simu ya Android uliyoshika moyo wake ni kerneli ya Linux. Sio kitu kigeni hata kwetu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004 walikuwa na mradi wa Kilinux ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na mwaka huohuo Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akaanzisha Ubuntu, aina moja ya Linux, CD zake zilikuwa zinatumwa bure kwa posta popote duniani mpaka 2011. Kwahiyo Mwafrika ana mkono wake humu tangu zamani, hatuendi kuazima kwa watu.

Kwa mtu wa kawaida mi huwa napendekeza aina inayoitwa Linux Mint. Menyu iko chini kushoto, folda ziko pale ulipozoea kuzitafuta, LibreOffice, yaani programu za ofisi mfano wa Word na Excel, imo ndani, brauza imo ndani. Mint 22 ina apdeti mpaka 2029. Kwa mashine dhaifu kuna ile yenye Xfce, muonekano mwepesi, wenyewe wanasema RAM ya GB 2 inatosha kuwaka ila GB 4 ndo raha, na mimi naongezea usihangaike na GB 2 maana brauza za siku hizi zitaimaliza yote. Na sio lazima ufute chochote ili ujaribu, unashusha faili lake, ni kama GB 3 hivi, unaliandika kwenye flashi, unawasha mashine kupitia flashi, unaitumia siku nzima ukiona haikufai unachomoa na Windows yako iko palepale.

Lakini Mhariri, kuweka ni kazi ya mchana mmoja. Kuweka kila mtu anaweza. Kinachoua Linux maofisini ni kwamba aliyeiweka kaondoka na hakuna anayeiangalia, siku ya kwanza printa imegoma katibu muhtasi anasema nirudishieni Windows yangu, na ana haki, kazi zake zimelala. Kwahiyo mimi nikisema tuhamie Linux nina maana mbili kwa mpigo, mashine na mtu wa kuisimamia, huwezi kuchukua moja ukaacha nyingine.

Na huyo mtu hatoki mbali, anapikwa palepale. Ngoja nieleze maabara ya shule inavyokuwa ikiwa na msimamizi, kwa sababu hapa ndo penye utamu wenyewe wa hii kazi. Una kompyuta 20 na modemu moja ya bando. Kila mashine ikishusha apdeti zake peke yake bando linakata siku hiyohiyo. Unachofanya, unachagua mashine moja, hata ile mbovu kuliko zote, unaipa kazi ya kuwa stoo, unaweka programu inaitwa apt-cacher-ng. Alafu kwenye zile zingine unaandika mstari mmoja tu kwenye faili moja ndani ya /etc/apt/apt.conf.d, kwamba ukitaka apdeti pitia kwa huyu, anwani yake hii, poti 3142. Mashine ya kwanza ikishusha MB 300 zinabaki stoo, zile 19 zinazichukua kupitia waya wa ndani, intaneti haiguswi tena. Bando la mashine moja limehudumia 20. Ukishaona hilo linafanya kazi kwa macho yako hautatulia, utataka na lingine, unaweka Kiwix kwenye ileile stoo, Wikipedia ya Kiswahili na hata ya Kiingereza inasomeka darasani bila intaneti kabisa, unaweka akaunti ya mgeni ambayo mwanafunzi akitoka vitu vyake vinajifuta na anayefuata anakuta meza safi, unaweka ssh ili mashine zote uzifikie ukiwa umekaa kwenye kiti kimoja. Baadae ukiona unaandika amri ileile mara 20 unajifunza Ansible, unaandika mara moja zote zinatii.

Kijana wa kidato cha tano akikaa kwenye hiyo maabara mwaka mmoja akawa msaidizi wa mwalimu, anatoka na kitu mkononi. Maana amri anazotumia pale ndo hizohizo zinazotumika kwenye seva za mabenki, za makampuni ya simu, na za wingu, yaani kompyuta za kukodi kwenye intaneti. Hata Microsoft wenyewe kwenye wingu lao la Azure sehemu kubwa ya mashine za wateja inaendesha Linux. Hakuna daraja la kuvuka kutoka kwenye meza kwenda kwenye seva, ni nyumba moja tu vyumba tofauti. Mtu aliyezoea Windows ya kukraki miaka mitano amejifunza kubofya Next, wala sio kosa lake, ndicho alichoonyeshwa. Na mitihani ipo ya kumpima, kuna LPIC-1, kuna RHCSA ya Red Hat ambayo hakuna kuchagua A B C, unakaa mbele ya mashine unapewa kazi unafanya, ukiweza umeweza.

Naomba nieleze pia kwa nini sisi tunaoifanya hii kazi tunaipenda, maana watu wanadhani ni kiburi cha kuandika maandishi meupe kwenye skrini nyeusi. Kuna usiku ofisi moja walinipigia mfumo wao umegoma, haupokei kitu, asubuhi kuna wateja. Sikuwa karibu na laptopu, nikaingia kwa simu kupitia ssh. Kitu cha kwanza df -h, inakuonyesha diski zote na zimejaa kiasi gani. Asilimia 100. Basi hapo swali linakuwa moja tu, nani kaijaza. Unashuka na du -sh folda kwa folda kama unafuata nyayo, /var, alafu /var/log, pale nikakuta logi moja, faili ambalo programu inaandikia kumbukumbu zake, imevimba GB kibao kwa sababu programu yao ilikuwa inaandika kosa lilelile kila sekunde, tangu lini sijui. Nikakopi kwanza mistari yake ya mwisho ili nijue kosa ni nini, nikapunguza logi, mfumo ukapumua, kesho yake nikawawekea logrotate, inayofuta logi za zamani yenyewe, isijirudie. Hamna mahali nilipobahatisha. Mfumo wenyewe ulisema unaumwa wapi, na karibu kila kitu unaweza kukisoma mwenyewe, mipangilio iko /etc kwenye mafaili ya kawaida, habari za matatizo unazisoma kwa amri ya journalctl, huduma ikifa systemctl status inakwambia imekufa saa ngapi na ilisema nini ikifa. Huko kwingine mara nyingi jibu ni zima uwashe, isipopona piga Windows upya. Ukishaonja kujua sababu hutaki tena kubahatisha.

Sitaki kumdanganya mtu kwamba kila kitu ni sawa. Kama mhasibu wako anatumia QuickBooks ya kwenye mashine, au una mtu wa picha anayeishi kwenye Photoshop, hao usiwaguse, waachie Windows halali, ulipie. Excel zenye makro nzito nazo zinasumbua kwenye LibreOffice. Barua ya docx inaweza kufunguka mistari imehama, mara nyingi ni kwa sababu fonti za Times New Roman na Arial hazimo, unaweka kifurushi cha fonti za Microsoft inatulia. Printa ndo ugonjwa mkubwa, za HP nyingi zinakubali zenyewe kupitia hplip lakini kuna vile viprinta vidogo vya leza vya bei rahisi unahangaika navyo mpaka basi, kwahiyo angalia printa kabla ya kuangalia kingine chochote. Ila nenda ofisi za kawaida uangalie watu wanafanya nini mchana kutwa, ni brauza, barua na Excel ndogo. Kutoa kontroli namba ni brauza. Imeili ni brauza. Kwa kazi hizo huyo mtu hata hatajua umembadilishia nini zaidi ya kwamba mashine inawaka haraka.

Watu huwa wananitajia Munich. Ni kweli, jiji la Munich Ujerumani liliamua 2003 kuhamia Linux, kufika 2013 walikuwa na mashine karibu 15,000, alafu 2017 baraza la jiji likaamua kurudi Windows. Lakini hawa hawa wanaonitajia Munich hawanitajii polisi wa Ufaransa, wale wa Gendarmerie. Wao hawakuanza na Linux, walianza 2005 kwa kuwabadilishia watu programu za ofisi wakaweka OpenOffice juu ya Windows ileile, wakafuata na brauza ya Firefox na ya barua pepe ya Thunderbird, watu wakazoea, ndipo kuanzia 2008 wakabadilisha mfumo chini yao wakaweka Ubuntu, wakaiita GendBuntu. Leo wana zaidi ya mashine 70,000 na hawajarudi. Jimbo la Schleswig-Holstein, hukohuko Ujerumani, 2024 nalo limetangaza kuhamisha kompyuta 30,000, wakaanza na LibreOffice kwanza. Utaratibu ni uleule wa Wafaransa. Mtu mzima ukimbadilishia Word, brauza na mfumo siku moja lazima alie, mimi mwenyewe nigeuzieni kila kitu kwa siku moja nitalalamika.

Kuna hoja nyingine nimeisikia hata kwa wasomi, kwamba Linux maandishi ya programu yake, yaani kodi, yako wazi kila mtu anayasoma, kwahiyo wezi nao wanayasoma. Mwezi Machi 2024 kulitokea jambo zito kweli. Kuna programu ndogo ya kukandamiza mafaili inaitwa xz, iko karibu kwenye Linux zote, mtu aliyejiita Jia Tan alijipenyeza akachangia kazi nzuri miaka kama miwili mpaka akaaminiwa, alafu akapandikiza mlango wa siri wa kumwezesha kuingia kwenye seva za watu. Aliyekamata ni mhandisi mmoja anaitwa Andres Freund, tena ameajiriwa Microsoft, aliona kuingia kwa ssh kwenye mashine yake kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida, akasema hapana hii sio bure, akachimba mpaka akaufikia, ulikuwa haujasambaa kwenye matoleo yanayotumiwa na watu wengi. Nusu sekunde! Kwenye programu iliyofungwa angechelewa hivyohivyo akaishia kunung'unika, kwa sababu hana pa kuchimba. Kwahiyo ndio, wezi wanasoma, ila na Freund anasoma, na kijana wetu wa kidato cha tano akikuzwa vizuri anaweza akawa anasoma.

Sasa ombi langu. Wakuu wa shule, wakurugenzi wa halmashauri, wenye vizahanati na ofisi ndogo, kabla hujasaini karatasi ya kuzitoa hizo mashine kwenye rejesta ya mali, toa moja tu kwenye lile rundo. Anza na LibreOffice kwenye zile Windows mlizonazo miezi michache wakati mnajipanga. Muulize mwalimu wa kompyuta au kijana yeyote pale ofisini mwenye kupenda kujua, yupo tu kila ofisi ina mmoja, mpe hiyo mashine iwe yake, mpe na bando, na muhimu kuliko vyote iandike kwenye majukumu yake rasmi ili siku akiitwa kurekebisha kitu isiwe ni fadhila anafanya saa za chakula. Akishaiwasha kwa flashi bila kuweka kitu, ajaribu vitu vinne kwa mpangilio huu, printa, wifi, skana, na faili gumu kuliko yote la mhasibu. Kilichokataa akiandike kwenye daftari na namba yake ya modeli, kwa sababu manunuzi yanayofuata ya printa na wifi inabidi yatoke kwenye hilo daftari, sio kwa muuza duka. Na bakapu ya mafaili yote ifanyike kwenye diski ya nje kabla ya mashine ya kwanza kufutwa, ijaribiwe kufunguliwa kwenye mashine nyingine, ndo aendelee.

Wako msomaji,
Msimamizi wa mifumo, Mwanza